Betri Iliyokufa na Betri Isiyopimwa

Katika Bagamoyo, kama katika miji mingine ya pwani, betri ya lithiamu imekwisha kuwa kitu cha kawaida. Huwasha taa za nyumba na maduka yenye sola, na huwekwa chini ya viti vya magari ya safari yenye kitanda na jokofu, yaelekeayo Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Pamoja na betri hiyo limekuja neno moja litamkwalo upesi mno: "Imekufa." Likiisha kutamkwa, mwenye mali hununua betri nyingine kwa fedha nyingi, na si ajabu baada ya siku chache ile mpya nayo "ikafa". Yafaa kuuliza: je, betri hiyo imekufa, au haikupimwa?

Chanzo cha kosa hili ni mazoea. Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, imewalea mafundi wa vizazi vingi. Ikiwa imejaa na kupumzika huonyesha volti 12.7 hivi; ikiwa nusu, 12.2, ikikaribia kwisha, chini ya 12. Hivyo fundi mwenye kipimio aliweza kukisia umeme uliobaki. Betri za lithiamu zitumikazo sana katika sola na magari ya safari ni za lithiamu, chuma na fosfeti, aina iliyotokana na utafiti wa John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990. Ndani yake mna seli 4 za volti 3.2, yaani jumla ya volti 12.8. Tangu inapokuwa na sehemu tisa katika kumi za umeme wake hadi inapobakiwa na sehemu mbili, volteji yake huwa karibu na 13 na hubadilika kidogo sana. Anayeisoma kwa jedwali la betri ya risasi ataiona imejaa leo, na kesho atalala gizani.

Tofauti ya pili ni kwamba betri ya lithiamu ina mlinzi. Ndani ya kasha lake mna saketi ya kielektroniki inayochunguza volteji ya kila seli, mkondo na joto. Seli moja ikishuka hadi karibu volti 2.5, au ikipanda kupita 3.65, mlinzi hukata njia ya umeme ili kuiokoa betri nzima. Hapo kipimio huonyesha sifuri au volti chache tu kwenye ncha, na chaja ya zamani, ambayo hungoja kwanza kuhisi volteji, hukataa kuanza kazi. Mtu hudhani ameona maiti, kumbe ni mlango uliofungwa kwa makusudi. Chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya lithiamu mara nyingi huweza kuufungua. Lakini kumwondoa mlinzi huyo kwa sababu ya haraka ni kukaribisha moto ndani ya gari ambamo watu hulala.

Mara nyingine betri haina hatia yoyote. Hewa ya bahari hubeba chumvi, nayo chumvi hula viungo vya nyaya na kuviachia ukoko wa kijani. Tena nyaya nyembamba hupendwa kwa kuwa bei yake ni nafuu. Chukua mfano wa jokofu lililo mita 6 kutoka kwenye betri, linalotumia ampea 10 kwa waya wa shaba wa milimita mraba 1.5. Umeme huenda na kurudi. Kwa hiyo urefu wa waya ni mita 12, na ukinzani wake omu 0.14 hivi. Kwa kanuni ya Ohm, volti 1.4 hupotea njiani. Betri ina volti 13.1, jokofu hupata 11.7 tu, na kama limepangwa kujizima chini ya 11.8, litajizima. Waya wa milimita mraba 6 ungepoteza robo tu ya kiasi hicho. Anayenunua betri mpya kwa ugonjwa huu amemtibu mzima na kumwacha mgonjwa.

Ugonjwa mwingine hutoka upande wa kujaza. Baadhi ya chaja za betri za risasi hupandisha volteji hadi 15 na zaidi ili kusafisha sahani zake. Mlinzi wa lithiamu hukata. Aidha, betri ya lithiamu iliyopungua, ikiunganishwa moja kwa moja na altaneta ya gari, huweza kuvuta mkondo mkubwa kwa muda mrefu hata altaneta ikaungua. Ndiyo sababu kifaa cha kudhibiti mkondo huwekwa kati yao.

Utaratibu wa uchunguzi, basi, ni huu. Kwanza, volteji ipimwe kwenye ncha za betri vyombo vyote vikiwa vimezimwa. Pili, ipimwe papo hapo jokofu likiwa linafanya kazi. Tatu, ipimwe kwenye jokofu lenyewe. Nne, ipimwe kwenye betri chaja ikiwa imewashwa. Sifuri katika hatua ya kwanza huashiria kwamba mlinzi amekata. Tofauti kubwa kati ya hatua ya pili na ya tatu hushitaki waya, fyuzi au kiungo. Volteji isiyopanda kabisa katika hatua ya nne hushitaki chaja au njia yake, ikipita 14.6, chaja haifai. Vyote hivyo vikiwa salama, betri ijazwe, kisha itumiwe kwa mkondo unaojulikana huku saa zikihesabiwa. Betri ya ampea-saa 100 ikitoa ampea 10 yapasa kudumu karibu saa 10. Hapo tu ndipo ihukumiwe.

Hakuna hesabu katika hatua hizo inayopita fizikia ya sekondari. Hata hivyo, mwanafunzi hukokotoa ukinzani kwa ajili ya mtihani, kisha nyumbani humwacha fundi akisie. Kanuni zimebaki darasani kwa Kiingereza, na vifaa vimebaki karakana kwa Kiswahili. Itasemwa kwamba maabara hazina vifaa. Lakini kipimio kimoja ni rahisi kuliko betri moja iliyotupwa bure, na waya ulioliwa na chumvi hupatikana pwani bila malipo. Mwalimu awaonye wanafunzi wasifungue kasha la betri wala kugusanisha ncha zake; kisha awape waya huo na kipimio, wautafute wenyewe ukinzani wake. Watakapotoka hapo, wataweza kumwambia mwenye gari au duka ni kitu gani kilichokufa, na kwa nini.