Maghala Makuukuu na Haki ya Wasanii

Mtaa wa Unga Limited mjini Arusha ulipata jina lake kutokana na kampuni ya kusaga nafaka. Jina hilo ni ushahidi kwamba kiwanda si kuta na mashine tu, bali ni sehemu ya historia ya wafanyakazi. Kwa hiyo majengo ya viwanda yaliyokwisha kazi yake yasiachwe yakawa magofu, wala yasibomolewe kwa pupa.

Wenzetu wameonyesha njia. Mwaka 2003 ghala kuukuu katika eneo la viwanda, Nairobi, liligeuzwa kuwa kituo cha sanaa cha GoDown. Mwaka 2008 kituo cha Nafasi Art Space kilianzishwa katika eneo la viwanda vidogo la Mikocheni, Dar es Salaam.

Wapo watakaosema kwamba taifa lahitaji viwanda kabla ya ngoma. Hoja hiyo ni ya haki: jengo linaloweza kurudishwa katika uzalishaji na lirudishwe. Lakini ghala lisilo na mashine wala mwekezaji halimlishi mtu, ilhali kijana wa Usa River mwenye kipaji cha uchoraji ahitaji mahali pa kujifunzia.

Hatari iko katika umiliki. Thamani ya kiwanja ikipanda, msanii asiye na hati ndiye wa kwanza kutolewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana budi halmashauri ziyaorodheshe majengo hayo, na yanapokabidhiwa wananchi, uandikwe mkataba wa muda mrefu kwa jina la ushirika wao. Bila hivyo, tutakuwa tumewapa wasanii kazi ya kufagia nyumba ya mwingine.