Kujumlisha na Kuzidisha: Mzigo wa Neno "Kuongezeka"

Neno "kuongezeka" tumelibebesha mzigo unaolizidi uwezo. Mfanyakazi aliyepandishiwa mshahara kwa shilingi 1,000 husema mshahara wake umeongezeka. Mdaiwa ambaye riba yake nayo inatozwa riba husema deni lake limeongezeka. Ripoti ya sensa nayo hutuarifu kwamba watu wameongezeka. Matukio haya si ya jinsi moja, na sisi tunaojinasibu kuwa wanafunzi wa Kiswahili ndio wa kwanza kupaswa kuyatenga.

Tuchukue ubao wa bao, wenye mashimo 32. Tuseme shimo la kwanza lina kete moja, na kila shimo linalofuata linapata kete moja zaidi ya lililotangulia. Shimo la nane litakuwa na kete 8, na la mwisho 32. Huko ni kujumlisha: kinachoongezwa ni kilekile daima. Sasa tuseme kila shimo linapata mara mbili ya lililotangulia. Shimo la nane litakuwa na kete 128, la kumi na sita 32,768, na la mwisho zaidi ya bilioni mbili. Huku ni kuzidisha: kisichobadilika ni kizidishi, ilhali kinachoongezwa hukua pamoja na kile kilichokwisha kuwapo. Tanbihi ndogo kwa msomaji: katika mashimo matatu ya kwanza hesabu hizi mbili hazipishani sana (1, 2, 3 kwa upande mmoja, 1, 2, 4 kwa upande wa pili). Hapo ndipo watu wengi huhadaika.

Mfano wa hakika tunao mlangoni petu. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 247,073 Mombasa. Mwaka 1979 walikuwa 341,148; mwaka 1989, 461,753; mwaka 1999, 665,018; na mwaka 2009, 939,370. Anayejumlisha ataona nyongeza zisizolingana hata kidogo: watu 94,075 katika mwongo wa kwanza, kisha 120,605, kisha 203,265, kisha 274,352. Atadhani kuna vurugu. Anayegawanya ataona utulivu: kila sensa ni takriban mara 1.4 ya ile iliyoitangulia. Sababu haina muujiza. Wakaazi wengi huzaa watoto wengi, na kila aliyepata kibarua bandarini au Changamwe viwandani aghalabu humwita ndugu au binamu. Watu huleta watu.

Mpangaji wa mwaka 1979 ambaye angeshikilia nyongeza ya mwongo wake, yaani watu 94,075 kila miaka kumi, angetarajia watu wapatao 623,000 mwaka 2009. Angekosea kwa zaidi ya watu 315,000, idadi inayoipita Kisauni nzima ya mwaka 2019, iliyokuwa na watu 291,930. Na mzigo huo haukukiangukia kisiwa, kwa kuwa kisiwa hakitanuki. Katika sensa ya 2019, Mvita ilikuwa na watu 154,171 tu; waliosalia 1,054,162 walikuwa ng'ambo, katika Likoni, Changamwe, Jomvu, Kisauni na Nyali.

Likoni, iliyokuwa na watu 250,358 mwaka huo, inaonyesha tatizo hili waziwazi. Watu waliongezeka kwa kuzidishwa, ila vivuko viliongezwa kwa kujumlishwa: mwaka 2010 zikaja feri Mv Likoni na Mv Kwale, mwaka 2017 ikaja Mv Jambo, na mwaka 2020 likajengwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu pale Liwatoni. Kila chombo kilipokelewa kwa shangwe, na shangwe hiyo ilistahili. Lakini feri moja ni feri moja, iwe wanaoingoja ni laki moja au laki tatu.

Je, lugha inaingiaje hapa? Inaingia kwa kuwa methali tunazowarithisha watoto kuhusu wingi ni za kujumlisha. Haba na haba hujaza kibaba; bandu bandu huisha gogo. Kibaba hakijai kwa kasi inayopanda, wala gogo haliishi hivyo. Fauka ya hayo, neno tulilo nalo la kuzidisha tumelichakaza wenyewe. "Maradufu" maana yake ni mara mbili, si "sana". Mwandishi anayeandika kwamba wakaazi wa Mombasa "wameongezeka maradufu" katika miaka kumi amesema uongo wa hesabu. Kati ya 1969 na 2009 jambo hilo lilichukua takriban miaka ishirini. "Mara tatu zaidi" nayo ni mtego: haijulikani kama ni mara tatu au mara nne.

Pendekezo langu ni kwamba tuseme "ongezeko la kujumlisha" na "ongezeko la kuzidisha", na kwamba wahariri, wakiwemo wa jarida hili, wamdai mwandishi ataje mojawapo. Maneno hayo hayahitaji kamati ya istilahi. Mtoto wa shule ya msingi anayajua yote mawili.

Tena tutayahitaji karibuni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333, nyongeza ya 268,963, ambayo ni pungufu kidogo ya ile ya mwongo uliotangulia. Kizidishi kilishuka kutoka 1.41 hadi 1.29. Yamkini Mombasa imeanza kuacha kuzidisha na kuingia katika kujumlisha, na yamkini huo ulikuwa mwongo mmoja tu. Nyongeza ileile ikirudiwa, mwaka 2029 watakuwa watu 1,477,000 hivi. Kizidishi kilekile kikirudiwa, watakuwa 1,554,000. Tofauti ni watu 77,000, zaidi ya nusu ya Changamwe ya mwaka 2019, na madarasa yao yanapaswa kujengwa kabla hawajahesabiwa.