MOTA ILIYOSIMAMA HAIJAZIMWA



Viwanda vya chai vya kwetu, kama Mungania na Rukuriri upande wa Embu, Imenti na Githongo upande wa Meru, hunyausha majani kwa feni kubwa. Feni ikitiwa draivu, yaani kifaa cha kuongeza na kupunguza mwendo wa mota, umeme huokolewa sana: mwendo ukishushwa hadi asilimia 80, feni hula karibu nusu tu ya umeme. Hilo ni jema, wala hatulipingi.

Lakini draivu nyingi zaweza kuunganishwa kwa waya mbili tu, zikaamrishwa kutoka ofisini kwa lugha ya mitambo iitwayo Modbus, iliyotolewa mwaka 1979. Amri moja huisimamisha feni. Amri nyingine huizungusha tena, na aliye ofisini hauoni mkono wa fundi ulio ndani yake.

Basi tusikubali kuambiwa, "Ingia, nimeisimamisha." Fundi azime swichi kuu ya mota ile, aitie kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake mwenyewe. Kisha angoje dakika zilizoandikwa juu ya draivu, maana umeme hubaki ndani hata ukisha kuzima.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atulinde na atufundishe. Kila tawi lidai kufuli kwa kila fundi, na mafunzo kabla waya hazijavutwa. Kufuli hununuliwa dukani, kidole hakinunuliwi.

Umoja ni nguvu.