Mfereji katika shamba la bwasa

Ndugu msomaji, wewe unayesoma ukurasa huu kule Kamituga, Lugushwa ao Nyabibwe, leo tuzungumze juu ya udongo. Wengi wenu munatafuta dhahabu na koltani ndani yake, lakini watoto nyumbani wanakula kile kinachoota juu yake. Mvua ikinyesha na udongo mweusi ukishuka bondeni, chakula cha mwaka kesho kinakwenda pamoja nao. Na si chakula tu. Tarehe 4 Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, maji, mawe na matope yalishuka mulimani, na watu zaidi ya 400 walikufa.

Tunajua dawa: kuchimba mifereji ya kukata maji, kupanda majani ya setaria kwenye kingo zake, kupanda miti. Swali ni hili: nani alipe ile kazi? Mimi nachimba kwangu, kumbe faida inamfikia hata jirani wa chini na mwenye kupita barabarani. Ndiyo sababu nchi nyingi zinagawana gharama. Marekani, tangu 1936, kisha upepo kubeba udongo wa mashamba yao, Serikali inamlipa mlimaji sehemu ya gharama, naye anatoa ile ingine. Programu yao moja kubwa, ya tangu 1996, kwa kawaida inaweza kulipa hadi 75 kwa mia. Kenya, tangu 1974, Serikali ikisaidiwa na Sweden ilitoa vyombo na kulipia sehemu ya mifereji mikubwa ya kugeuza maji. Matuta ya ndani ya shamba kila mutu alijichimbia, na kule Machakos walisaidiana kwa vikundi vinavyoitwa mwethya.

Kwetu Kivu mambo yalianza vibaya. Wakati wa Wabelgiji, wazee wetu walichimba mifereji kwa lazima. Uhuru ulipofika 1960, wengi waliiacha ifukiwe, maana waliiona ni kazi ya mzungu. Tangu 2007, Kivu ya Kaskazini iliona namna ingine: mradi wa EcoMakala wa shirika WWF uliwapa walimaji miche, na malipo yalifuata kadiri miti iliposhika.

Lakini angalia vizuri, ndugu. Mti unataka miaka. Je, uko na hakika ya miaka katika hilo shamba?

Hapa Bushi, mwenye kalinzi alitoa ng'ombe ao kitu kingine kwa mwami ao kwa mkubwa wa udongo, na watoto wake watarithi. Huyo apande tu. Lakini wengi wetu tunalima kwa bwasa. Unalipa kwa msimu ao kwa mwaka, unapanda maharagi na mihogo, na mara nyingi huna ruhusa ya kupanda kahawa wala miti. Sasa fikiri: bwana yuko kwenye mashimo, mama anachimba mifereji miezi miwili, udongo unakuwa mzuri, na msimu unaofuata mwenye shamba anasema, "Nalitaka shamba langu," ao anapandisha bei. Msaada wa mradi unamwendea yeye kwa sababu ndiye mwenye jina. Mama anabaki na malengelenge mikononi.

Basi, kabla ya kupokea miche ao kushika jembe, mukae pamoja na mwenye shamba mbele ya mashahidi. Muandike: utalima miaka mingapi bila bei kupanda, miti ikikua, nani ataikata, ukiondolewa mbele ya wakati, utalipwa nini kwa kazi yako, na zile franka za mradi mutazigawa namna gani. Kama mama ndiye analima, jina lake liandikwe. Kila upande ushike karatasi yake, na shefu wa kijiji ashike ya tatu.

Kuna mlango mwingine, na ninyi wa madini unawahusu zaidi. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema kwamba katika ile redevansi kampuni inalipa juu ya madini, 15 kwa mia ni za sheferi, sekta ao mji ambamo madini yanachimbwa. Hazikuwekwa kwa ajili ya mifereji peke yake. Lakini kilima kinachobomoka ni shida ya wote, na walimaji wana haki ya kuuliza, kwa heshima, zimefanya kazi gani. Najua vita iliyofika Bukavu Februari 2025 imevuruga ofisi nyingi. Lakini ile karatasi kati yako na mwenye shamba haingoji ofisi yoyote. Munaweza kuiandika juma hili, mbele ya mvua.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Jasho la mama shambani nalo ni mali.