Chakula cha Mtoto Shambani

Tunapokwenda shamba hatusahau jembe. Tunachosahau ni chakula cha mtoto. Wengine husema, "Atakula jioni tukirudi." Mimi sikubaliani nao. Tumbo la mtoto ni dogo. Hushiba upesi na huona njaa upesi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anahitaji milo 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati. Mlo wa jioni peke yake haumtoshi.

Wengine hubeba uji wa asubuhi. Uji ukikaa muda mrefu kwenye joto huharibika, na mtoto huharisha. Afadhali ndizi mbivu, au kiazi kitamu kilichochemshwa asubuhi hiyo na maganda yake. Kimenywe wakati wa kula. Viazi vya njano ndani vina vitamini A, inayolinda macho. Karanga zisizo na ukungu zikaangwe, zitwangwe laini, zichanganywe na kiazi. Karanga nzima humpalia mtoto mdogo. Tunawe mikono kabla ya kumlisha.

Tunauza karanga zote, kisha tunanunua biskuti na soda. Hiyo ni hasara. Wala baba asiseme hii ni kazi ya mama. Abebaye jembe aweza kubeba na kikapu.