Mwandishi mpya atafute wasomaji kabla ya mgeni rasmi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewaponza wengi wanaotoa kitabu kwa mara ya kwanza. Mtu amekesha miaka akiandika riwaya, amemlipa mhariri, amemlipa msanifu wa jalada, amepeleka kazi kwa mpiga chapa na kuletewa katoni zake nyumbani, kisha anaona haya kusimama mbele za watu na kusema: nimeandika kitabu, kinunueni. Akijikaza kusema, husema mara moja tu, kwa kishindo, siku ya uzinduzi, halafu hukaa akingoja kizuri kijiuze. Kwa maoni yangu, haya yake na kishindo chake vyote vinatokana na kosa moja, nalo ni kudhani kwamba kitabu huanza kuuzwa siku kinapotoka kiwandani. Kitabu cha mtu asiyejulikana huanza kuuzwa kabla hakijachapwa, kwa kuwaonjesha watu maandishi yenyewe, na huendelea kuuzwa miaka baada ya kuchapwa, kwa kuwafikia wasomaji pale walipo. Uzinduzi ni siku moja tu katikati ya safari hiyo, na mara nyingi ndiyo siku inayokula fedha nyingi kuliko inazoingiza.

Tuutazame uzinduzi wenyewe unavyofanyika katika miji yetu. Ukumbi umekodiwa, viti vimevishwa vitambaa, mshereheshaji ameshalipwa, na keki imetengenezwa kwa umbo la kitabu kilichofunuliwa. Mgeni rasmi anawasili, anasoma hotuba, anakata utepe, kisha nakala ya kwanza inanadiwa: huyu anatoa laki moja, yule laki mbili, hadi mwenye uwezo zaidi anafunga mnada. Picha zinapigwa, chakula kinaliwa. Kinachokosekana mara nyingi ni kusoma. Saa tatu zinapita bila mwandishi kusimama na kusoma kurasa tatu za kitabu chake kwa sauti, akaishia mahali ambapo msikilizaji hawezi kuvumilia asijue kilichofuata. Wageni huondoka wakikijua vizuri cheo cha mgeni rasmi, wasimjue mhusika mkuu wa riwaya.

Na hesabu zake ni nzito. Tuchukue mfano wa kitabu kinachouzwa Sh15,000 ambacho kila nakala imechapwa kwa Sh6,000. Tuseme duka la vitabu linachukua asilimia 30 ya bei, yaani Sh4,500. Mwandishi anabakiwa na Sh10,500, akitoa gharama ya uchapaji anapata Sh4,500 kwa nakala, kabla ya nauli, vifungashio na nakala za bure. Kama ukumbi, chakula, mapambo na muziki vimegharimu Sh3,000,000, itabidi maduka yauze nakala 667 ili tu kuilipa siku ile moja. Hata wageni 150 wakinunua palepale ukumbini bila mgawo wa duka, faida ni Sh1,350,000, haifiki nusu ya gharama. Kwa mwandishi aliyechapa nakala 1,000 kwa akiba yake au kwa mkopo, sherehe ya namna hiyo imekwisha kula kitabu chake kabla mtu wa Songea au Bariadi hajasikia jina lake.

Najua jibu linalotolewa hapa. Watasema uzinduzi ndiyo njia yetu ya kurudisha fedha za uchapaji, kwamba sisi ni watu wa kuchangiana, na mnada wa nakala ya kwanza unaweza kulipa deni lote la mpiga chapa. Ni kweli, na kuchangiana ni jambo la heshima ambalo sitalibeza. Lakini mchango si mauzo. Mjomba aliyetoa laki moja kwa nakala moja amekupa wewe, hakukipa kitabu. Atakupa mara moja, na kitabu chenyewe huenda kikakaa kabatini na karatasi yake ya zawadi. Msomaji wa kweli ni yule asiyekujua kabisa, aliyetoa Sh15,000 zake mwenyewe, akasoma usiku akamaliza, asubuhi akamwambia mwenzake kazini akitafute. Huyo haji kwa kadi ya mwaliko. Mwenye ndugu wenye uwezo na awachangishe, ila fedha hizo zikalipe uchapaji na usafirishaji, na sherehe iwe ya chai na kusoma.

Historia ya maandishi ya Kiswahili inaonyesha waziwazi msomaji huyo alipatikanaje. Shaaban Robert hakuwafikia watu kwanza kwa vitabu. Mashairi yake yalisomwa katika Mambo Leo, jarida lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, na walioyasoma humo walikwisha kulizoea jina lake vilipokuja vitabu. Muhammad Said Abdulla, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alikuwa mhariri wa magazeti Zanzibar, na hadithi hiyo ilikuwa imeshinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki kabla ya kuchapwa. Ben Mtobwa alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuanzisha kampuni yake ya Heko. Karibu na zama zetu, Eric Shigongo alizichapa hadithi zake katika magazeti yake mwenyewe, sehemu baada ya sehemu, kila moja ikikatika kwa neno itaendelea, kisha zikakusanywa kuwa vitabu. Maelfu walizifuata wiki kwa wiki gazetini, na bado kitabu kilipotoka wapo waliokinunua. Watu hawa walitofautiana sana kwa mtindo, na hata kwa ubora, lakini hawakumwendea msomaji wakiwa wageni. Alikuwa ameshawaonja.

Leo gazeti si mlango pekee. Hadithi za Kiswahili zinasomwa kwenye simu, hasa Facebook na makundi ya WhatsApp, na wapo waandishi wanaotoa sehemu za mwanzo bure kisha wanaotaka kuendelea wanalipa kiasi kidogo kwa simu na kuingizwa kwenye kundi. Atakayedai kuwa watu wetu hawasomi na aeleze hao wanaolipia hadithi usiku wa manane ni kina nani. Mwandishi mwenye riwaya ya sura ishirini angeweza kutumia miezi minne kabla ya kuchapa akitoa sura tatu za mwanzo, kipande kila wiki, siku ileile na saa ileile, akiandika majina na namba za wanaouliza itaendelea lini. Siku kitabu kinapotoka anakuwa na orodha ya watu 300 wanaokingoja. Orodha hiyo ina thamani kuliko bango lolote la barabarani, na imemgharimu bando tu.

Hapo huja woga wa wizi, na si woga wa kudhaniwa. PDF ya kitabu ikiponyoka huzunguka kundi hadi kundi bila mwandishi kupata senti, na Ofisi ya Hakimiliki haiwezi kukaa ndani ya kila simu. Lakini nilichosema ni sura tatu, si kitabu kizima, tena zikatwe pale moto unapowaka. Zaidi ya hapo, mwizi huiba kinachotafutwa. Mwandishi ambaye hakuna anayelijua jina lake hajafikia tatizo la kuibiwa; tatizo lake ni katoni tisa chini ya kitanda. Akikaa nazo kwa kuogopa wezi, atakuwa amejinyima wasomaji yeye mwenyewe, na vumbi litamaliza kazi.

Wapo pia watakaosema kuuza ni kazi ya mchapishaji, na mwandishi aachwe aandike. Kwa haki ingekuwa hivyo. Ila tuangalie riziki ya wachapishaji wetu inatoka wapi. Kwa miongo mingi imetoka shuleni. Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania iliirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, na wachapishaji binafsi wakapoteza soko walilolitegemea. Kenya nako, kuanzia 2018 serikali ikawa inanunua vitabu vya kiada na kuvifikisha shuleni moja kwa moja, na maduka ya vitabu ya miji midogo yakakosa wateja wao wa Januari. Kampuni zilizozoea kuuzia shule kwa maelfu hazikuwahi kujenga mkono wa kumfikia msomaji mmoja mmoja. Hata mipango mizuri iliwazoesha hivyo: Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, ulikuwa ukinunua nakala 3,000 katika 5,000 zilizochapwa na kuzipeleka shuleni. Uliokoa vitabu vya watoto, na tuushukuru. Lakini zile 2,000 zilizobaki ndizo zilizohitaji muuzaji. Vitabu kama Takadini na Watoto wa Mama N'tilie vinajulikana na karibu kila aliyemaliza kidato cha nne kwa sababu mtaala uliviweka mezani. Mwandishi mpya anayekaa akingoja kitabu chake kipate ithibati na kuingia shuleni anaweza kungoja miaka, na huenda kisiingie kamwe.

Basi njia iliyobaki ni kukipeleka mwenyewe, na nchi hii ina mtandao wa usambazaji ambao wachapishaji hawakuujenga na hawautumii inavyostahili. Msomaji wa Sumbawanga anatuma fedha kwa simu. Mwandishi wa Dar es Salaam anafunga kitabu kwa karatasi ya kaki, anaandika jina na namba ya mpokeaji kwa kalamu nene, anakipeleka ofisi ya basi, anakatiwa risiti, kisha anamtumia msomaji picha ya risiti na jina la basi. Kesho yake kitabu kinachukuliwa stendi. Mchele, nguo na vipuri vya pikipiki vinasafiri hivyo kila siku. Kwa nini riwaya isisafiri? Gharama ya mzigo mmoja inauma, ndiyo, lakini vitabu kumi kwa mtu mmoja wa Sumbawanga anayeaminika, awe mwalimu au mwenye duka la vifaa vya ofisi, vinasafiri kwa nauli isiyozidi sana ile ya kimoja, naye akapata chake katika kila nakala. Watu kumi kama huyo katika mikoa kumi ni nakala 100 zilizo karibu na msomaji kuliko duka lolote la Posta.

Maduka ya vitabu yasiachwe, lakini hapa ndipo wengi wanapoumia. Maduka mengi hupokea kazi ya mtu mpya kwa mali kauli, yaani yatalipa kitabu kikishauzwa. Si dhuluma, mwenye duka naye ana kodi ya pango na hajui kama kitatoka. Dhuluma huingia pale pasipo na maandishi. Mwandishi anaacha nakala 20 kwa kupeana mikono, anarudi baada ya miezi minane, aliyezipokea ameshahama, na hakuna anayekumbuka zilikuwa ngapi. Karatasi moja yenye idadi, bei, mgawo wa duka, tarehe ya hesabu na saini mbili ingetosha. Na apeleke tano, si 20. Zikiisha, ampigie mwenye duka na kuleta tano nyingine, maana muuzaji aliyeona tano zimeisha huanza kukipendekeza kitabu mwenyewe.

Nirudi kwenye ile haya ya kujitembeza, kwa sababu inawagusa watu waungwana. Wanaona kujinadi ni kujikweza. Lakini anayesema kitabu changu ni kizuri, kinunueni, na anayesema sikilizeni ukurasa huu, hawafanyi jambo moja. Wa kwanza anataka aaminiwe. Wa pili anamwachia msomaji kuamua. Wa pili hana cha kuonea haya, na iwapo ukurasa ni mbovu atajua mapema, kabla hajamlipa mpiga chapa. Kuna faida nyingine ya kwenda polepole, nayo ni kwamba kitabu cha kwanza huuzwa sana na cha pili. Elvis Musiba alimrudisha mpelelezi wake Willy Gamba riwaya baada ya riwaya, Mtobwa akamrudisha wake, Joram Kiango, na aliyekutana nao katika kitabu cha tatu alirudi nyuma kutafuta cha kwanza. Aliyemaliza akiba na nguvu zake zote ukumbini hafiki kwenye kitabu cha pili.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni la muda. Mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki, au mama anayeandika watoto wakishalala, atawezaje kuhariri, kufunga vifurushi, kufuatilia maduka na kujibu ujumbe wa wasomaji? Peke yake hawezi, na kumtaka aweze ni kumwonea. Hapa nawalaumu waandishi kwa jambo moja: wanakutana kwenye uzinduzi wa wenzao, wanapiga picha, kisha kila mmoja anarudi kwenye katoni zake. Watano wanaoandika riwaya za aina moja wangeweza kukodi meza moja kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, ambako umati huingia kila Julai ukiwa na fedha za kutumia, wakapokezana zamu na kila mmoja akauza vya wote. Wangeweza kuweka nyuma ya kila kitabu ukurasa mmoja unaotaja vile vinne vingine na namba moja ya kulipia, ili aliyemaliza kimoja ajue pa kwenda. Wangeunganisha orodha zao za wasomaji, wakiwaomba ruhusa kwanza. Na mzigo wa kwenda Sumbawanga ungekuwa mmoja wenye majina matano, ukilipiwa na watu watano.