HATI YA MAUZIANO SI HATI YA ARDHI

Vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vimezoea wageni tangu zamani. Ilagala, pale mto Malagarasi unapokaribia kuingia ziwani, imewapokea watu wa Kongo kutoka ng'ambo ya maji na watu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengi wa Warundi hao walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengine walijichanganya na wenyeji vijijini, wakalima michikichi, wakavua dagaa, wakaoa na kuolewa. Mtu wa namna hiyo hufika siku akataka nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo huliwa fedha zake.

Utaratibu wa mitaani ni mwepesi mno. Muuzaji na mnunuzi hukutana, mashahidi huitwa, na mtu mwenye mwandiko mzuri, mara nyingi mwalimu au karani, huombwa aandike hati ya mauziano. Fedha huhesabiwa, dole gumba hutiwa wino, muhuri hugongwa. Mnunuzi huikunja karatasi ile na kuifungia sandukuni.

Kwa raia, karatasi hiyo ni mwanzo wa safari. Kwa asiye raia haimpi ardhi hata hatua moja. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 20, inakataza asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo, inatoa hakimiliki ya kimila kwa raia. Hata mwekezaji mwenye mamilioni hapewi ardhi ya kijiji mpaka kwanza ihawilishwe kuwa ardhi ya jumla. Msingi wake ni wa siku nyingi: mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, mwenye fedha, hasa mgeni, ataimaliza.

Wako wanaodai kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki imeyafuta hayo yote, madhali Burundi ilijiunga mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, katika ibara ya 15 inaacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Kenya nayo, katika Katiba yake ya mwaka 2010, haimpi mgeni zaidi ya upangaji wa miaka 99.

Hivyo gharama ya kwanza ya nyumba ya mgeni si bei ya matofali na bati. Ni gharama ya uraia wa tajnisi: ada ya serikali, tangazo la nia gazetini, picha, nauli za kwenda na kurudi Kigoma mjini, na miaka ya kungoja. Zaidi ya watu 162,000 wa kundi la mwaka 1972 walipewa uraia, jambo lililotangazwa mwaka 2014. Mwenye cheti hicho ni raia, na haifai mtendaji yeyote kumdai "asili yake" anapoomba kiwanja. Yeye naye ana kazi mbele yake: maombi kwa halmashauri ya kijiji na ridhaa ya mkutano mkuu, au, palipopimwa, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei na ada za usajili.

Asiye na cheti, akiuziwa leo, kesho muuzaji akifariki, watoto wa marehemu watamtoa nje na sheria haitamlinda. Aliyeandika ile karatasi atakuwa amekwisha kuhamishiwa kituo kingine.

Mtumishi anayeombwa kuandika hati hana budi kuuliza cheti cha uraia kabla ya kushika kalamu. Asitosheke na kadi ya NIDA bila kuisoma, kwani wakazi wageni na wakimbizi nao hupewa vitambulisho. Mgeni aliye nchini kihalali aelekezwe kupanga nyumba kama wapangavyo wageni wengine. Na halmashauri ya wilaya ya Uvinza ingefanya vyema kubandika katika kila ofisi ya kijiji bango moja la Kiswahili chepesi, lenye hatua zote na ada ya kila fomu kwa tarakimu, ili mgeni ajue anacholipia kabla hajafungua mfuko.